Homa ya Kompyuta ya Bi Badria

Mbaruku alikuwa winga wa Kariakoo. Winga, kwa asiyejua, ni mfanyabiashara kamili isipokuwa hana biashara. Hana mali wala kodi ya fremu. Duka lake lote liko kwenye simu: picha za bidhaa za watu wengine, namba za wateja, na bei aliyoipandisha mwenyewe. Kinachobaki ni mdomo, na mdomo wa Mbaruku ungeweza kumuuzia muuza nazi nazi yake mwenyewe.

Alikuwa mgeni katika mtaa ule alipomsikia kijana mmoja, Ammar, akilalamika penye kahawa.

"Naongoza mbili bila, mechi inaisha, kompyuta ikazima. Joto. Kwa Bi Badria pale juu siendi tena."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko kahawa inavyohitaji, lakini Mbaruku hakulitilia hilo maanani. Alikwisha sikia mlio wa riziki, na alikuwa anatafuta ngazi.

Bi Badria, mama wa makamo mwenye buibui na macho ya upole, alikuwa na chumba cha gemu ghorofa ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kucheza, leo ngumu. Mashine ina homa."

Mbaruku akainama, akaona. Kompyuta ilikuwa bado imevaa nailoni ya dukani, kama makochi ya nyumba nyingi yanavyoivaa mpaka watoto wa nyumba hiyo wanaolewa. Juu ya nailoni palitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palikaa maua ya plastiki. Matundu yote ya kupumulia yalizibwa. Pembeni mwa kioo, joto la prosesa lilisoma nyuzi tisini na tisa. Mtu mwenye nia njema angesema, mama, ivue nguo hiyo. Mbaruku alikuwa na nia nyingine.

"Pole sana mama," alisema kwa sauti ya msibani. "Prosesa imeungua. Ndiyo ubongo wenyewe. Ukiendelea kuchezesha gemu hivi, utaunguza na jengo. Inatakiwa prosesa ya ubaridi, na wanaoiuza ni wachache."

"Na wewe unawajua hao wachache."

"Mungu hamtupi mja wake, mama."

Akaing'oa prosesa, akashuka nayo. Chini aliifuta kwa leso, akanunua dawa ya meno ya bei ya chee, akanywa kahawa, kisha akapanda ngazi akihema kama mtu aliyetoka Buguruni kwa miguu. Prosesa ileile ikarudi mahali pake, imepakwa dawa ya meno badala ya pesti ya kupitisha joto, na feni ikafungwa juu yake. Kitambaa na nailoni akaviweka kando, "ili ubaridi uzoee mazingira."

Ammar, yule aliyeapa harudi, alikuwa amerudi. Akacheza mechi nzima na kompyuta haikuzima. Mbaruku alijisikia mtaalamu wa kweli.

"Umeniokoa," alisema Bi Badria. "Ila taslimu sina. Ninaye pacha wa hii, sijamgusa. Niongezee hiyo simu yako, uondoke naye."

Kwenye kona ilikaa kompyuta ndani ya nailoni iliyobana na kung'aa. Tusimlaumu sana Mbaruku. Kariakoo nailoni ndiyo cheti cha kuzaliwa: kilichofungwa ni kipya, na hakuna anayekifungua kabla ya kukiuza, maana kukifungua ni kukishusha bei. Aliinyanyua, akaona ni nzito, akafurahi. Akatoa simu, akataja na namba ya siri, akaondoka mbio kabla mama hajabadili mawazo. Hata laini hakuitoa.

Abdulmajid, mwenye duka la kompyuta mtaa wa pili, alipoletewa ainunue, aliitikisa kidogo. Kitu kikagonga ndani. Akachana nailoni, akafungua ubavu. Ndani mlikuwa na nusu tofali, limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

"Ya Bi Badria," alisema Abdulmajid.

"Unamjua?"

"Nailoni ananunua kwangu, rola kwa rola. Kompyuta yake inapata homa kila akiingia winga mgeni mtaani. Na Ammar ni mpwa wake."

Mbaruku akapapasa mfuko uliokuwa na simu. Wateja wake, picha zake, riziki yake yote vilibaki kule juu. Akaomba simu ya Abdulmajid, akapiga namba yake mwenyewe.

"Karibu mteja," ilijibu sauti ya Bi Badria, tamu kuliko ya Mbaruku mwenyewe. "Kwa Mbaruku hapa. Unatafuta nini?"

"Mama, ni mimi. Naomba laini yangu tu."

"Laini utaipata, mwanangu. Njoo na rola moja la nailoni, langu limeisha." Nyuma yake nailoni ilisikika ikichakarika, na Ammar akisema ivutwe zaidi kulia. "Dawa ya meno usilete. Prosesa inanukia vizuri tu."

Simu ikakatwa. Mbaruku alipoinua uso, Abdulmajid alikwisha teremsha rola kutoka kwenye rafu na kuliweka mezani.

"Hili," akasema, "halipungui bei."