Kibali cha Kuwa Mganga

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba enzi ya watu kujichagulia mambo hovyo hovyo imekwisha. Kuanzia mwaka huu, raia anayetaka kuingia katika ule mchezo wa mtandaoni wa mazimwi na mapanga, ambao nusu ya nchi inaucheza na nusu nyingine inajifanya haiuchezi, hataamua mwenyewe awe mpiganaji, mganga, mchawi au mfua panga. Ataamuliwa. Kazi hiyo tumekabidhiwa sisi, Idara ya Majukumu na Ufundi wa Kinjozi, ghorofa ya tatu, mlango unaofuata choo kibovu.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ila kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa mlangoni.

Kabla yetu ilikuwa aibu tupu. Mtoto wa darasa la sita anajipa ujemadari. Muuza mkaa anajiita mchawi mkuu bila hata semina ya siku mbili. Tukaiandikia kampuni yenye mchezo barua ya kurasa arobaini, nayo ikakubali masharti yote, nadhani ili tusiandike nyingine. Sasa hakuna mchezaji aliyeko nchini anayepiga hatua bila namba ya kibali.

Kanuni zetu ni nyepesi. Ufundi wako wa mchezoni lazima uoane na vyeti vyako. Anayetaka kufua panga alete cheti cha kuchomelea vyuma. Anayetaka kupika dawa za majani alete shahada ya famasia. Anayetaka kuwa mchawi alete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kwamba yeye si mchawi. Pia tulifuta ule utaratibu wa mchezaji aliyekufa kuinuka mwenyewe baada ya sekunde kumi, maana watu walikuwa wanarudi kutoka kwa wafu bila kutoa taarifa ofisini. Sasa marehemu ataguswa na mganga mwenye kibali chetu, basi.

Waganga wenye kibali walikuwa sifuri. Tulilitaja hilo katika ripoti ya robo mwaka kama ushahidi wa viwango vyetu.

Mtu wa kwanza kutusumbua alikuwa fundi cherehani wa makamo ambaye mtaani wanamwita Mama Pindo. Alikuja na faili mkononi na tepu ya kupimia shingoni. Mkurugenzi alimpokea mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kikao na alikuwa amechoka kusoma gazeti.

"Mama, humu umeomba uganga," alisema, akifunua kurasa kwa ncha ya kalamu. "Lakini wewe ni fundi wa nguo. Kamati imekupangia ushonaji wa ngozi."

"Baba, nimeshona miaka thelathini. Mgongo wenyewe ndio huu unaouona. Yaani nikitoka kushona, nikapumzike kwa kushona?"

"Uzoefu ndio huo tunaoutafuta."

"Nilikuwa mganga miaka mitatu kabla ninyi hamjaja." Aliweka faili mezani. "Binti yangu yuko ng'ambo, anatunza wazee wa watu. Kwenye simu tunaulizana hali. Mzima? Mzima. Umekula? Nimekula. Basi, maneno yameisha. Lakini mle ndani yeye ana ngao, mimi nina dawa. Tunachuma majani, tunakwenda taratibu, ananiambia yanayomkaa moyoni. Habari za mchumba wake nilizisikia namfunga jeraha. Simuni asingesema."

"Mama, hii ni ofisi."

"Wiki ya tatu sasa ananingoja langoni mwa mji, kila mapumziko yake ya mchana. Nusu saa tu anayopewa. Kuna wenzake wanamwita aende nao, anakataa. Iko siku atachoka, baba. Mtoto akishazoea kutokukuona, hazoei tena kukutafuta."

"Sheria ni msumeno, mama," alisema Mkurugenzi, na akagonga muhuri: USHONAJI WA NGOZI.

Mama Pindo hakuondoka. Kila siku saa tatu asubuhi alikuwa kwenye benchi la korido na mfuko wa mashati ya wateja, akishona vifungo kwa mkono na kutazama mlango wetu. Nakiri siku moja nilipomkuta anafuta macho kwa kola ya shati la mtu niliona haya. Nilirudi nyuma nikapitia ngazi za upande wa pili. Mtumishi wa umma hapaswi kuona haya wakati wa saa za kazi.

Ikafika siku ya uzinduzi. Waziri angekuja, na Mkurugenzi angekuwa raia wa kwanza kuingia mchezoni kwa kufuata kanuni. Alitumia siku mbili kuchagua jukumu lake.

"Hebu niambie," aliniuliza, "lipi linalotoa amri?"

"Hakuna, mzee. Mle kila mtu anafanya kazi."

"Kazi kazi?"

"Kazi kazi, mzee."

Hatimaye akajiteua Shujaa Mkuu wa Upanga, na kamati ambayo yeye ni mwenyekiti wake ikamsamehe vyeti. Upanga ndio haukupatikana, kwa kuwa hatukuwa na mfua panga aliyepita usaili. Wala fulana ya ngozi, kwa kuwa fundi wa ngozi tuliyemteua alikuwa kwenye benchi anagoma. Shujaa Mkuu akaingia na kile kifimbo wanachopewa wanaoanza.

Ukumbi ulijaa. Picha ilitupwa ukutani, kubwa, kila mtu aone. Mkurugenzi alihutubia kwanza, akamweleza Waziri fahari yetu kubwa: kwamba daftari la wachezaji limeunganishwa na orodha ya watumishi wa serikali, ili pasiwepo tena mtu mwenye taarifa mbili zinazopingana. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shujaa akatoka langoni.

Nje ya lango huwa kuna jogoo mwekundu. Amewekwa pale wageni wajifunze kupiga, na watoto wa miaka saba humshinda huku wanakula. Mkurugenzi hakumpiga. Alisimama mbele yake, akaanza kumwandikia ujumbe kwa kidole kimoja, akitaka kujua kibali cha jogoo kilitolewa na nani. Alikuwa amefika kwenye "kwa mujibu wa" alipodonolewa mara ya tatu.

Ukuta ukawa wa kijivu, likatokea neno moja: MAREHEMU. Ukumbi ukapiga makofi, wakidhani ni cheo.

Mfumo ulifanya kazi vizuri mno. Kabla makofi hayajaisha, kadi ya mlango ya Mkurugenzi ilikuwa imefungwa, gari lake limerudishwa gereji kuu, na tanzia imemfikia Waziri kwenye simu. Afisa utumishi, dada makini sana, akaja na fomu.

"Pole sana na msiba, mzee."

"Msiba wa nani?"

"Wako, mzee. Hapa inataka saini ya ndugu wa karibu."

"Mimi mzima! Si unaniona?"

"Nakuona, mzee. Lakini mimi siingizi ninachokiona, naingiza kilicho kwenye mfumo."

Mkurugenzi akamgeukia Waziri. Waziri alisoma tanzia mara mbili, akamtazama, akaisoma tena. "Mfumo nimeuzindua mimi, nusu saa iliyopita, mbele ya waandishi wa habari," alisema. "Hauwezi kuwa umekosea leo. Labda mwezi ujao." Kisha akampa pole.

Njia ilikuwa moja tu, afufuliwe na mganga mwenye kibali. Tukafungua daftari: sifuri. Kutoa kibali kunahitaji saini ya Mkurugenzi, na marehemu hatii saini. Hata hivyo kanuni hazikosi busara. Zinasema Mkurugenzi akifariki, Naibu anakaimu papo hapo. Niliupokea msiba huo kwa moyo mkunjufu.

Nikatoka mbio hadi korido. "Mama, kibali chako hiki hapa. Uganga na kupika dawa, vyote viwili. Njoo upesi, kuna mtu wa kufufua."

Mama Pindo aliisoma karatasi mpaka mwisho, akatazama saa ya ukutani, akauacha mfuko wa mashati palepale. Sijawahi kuona mtu wa umri wake akitembea kwa kasi ile. Tulimkalisha kwenye kompyuta mbele ya ukumbi, na Mkurugenzi akasimama nyuma yake, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeshaondolewa.

"Mama yangu," alisema kwa upole ambao hatukujua kwamba anao, "mimi ndiye huyo hapo, kando ya jogoo. Niinue basi."

Mama Pindo alikuwa akitazama lango. Ukutani, mwanamke mwenye ngao alikuwa anakimbia kutoka langoni.

"Mama?" Sauti ilijaa ukumbi mzima. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Nilishasema leo ndiyo mwisho. Leo nisipokuona, siji tena."

"Nimekuja. Usilie, utaonekana huko kazini." Yeye mwenyewe alikuwa analia waziwazi, mbele ya Waziri.

Wakaanza kutembea pamoja. Walipomfikia Mkurugenzi, mganga akainama. Mkurugenzi akashusha pumzi. Mganga akachuma jani lililoota karibu na sikio la maiti, akalitia mkobani, akasimama.

"Mama, huyo aliyelala ni nani?"

"Mtumishi wa serikali."

"Sasa humwinui?"

"Wewe umebakiwa na dakika ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi twende, unieleze habari za mchumba. Huyu ameshakufa, hana haraka."