Feni ya Prosesa, Nta ya Mama Sada na Mkwe Kutoka Shelui

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mkwe. Hata chai sijanywa, nimekaa hapa naandika ili moyo utulie.

Wanaonifahamu humu wanajua nahariri video za harusi hapa Singida mjini. Na wanajua nimepeleka posa kwa kina Rehema, Shelui. Majibu yalikwama kwa baba yake mkubwa, Mzee Ramadhani. Kasikia kazi yangu ni kukaa kwenye kiti nikikodolea skrini. Akasema, "Simwozeshi binti yetu kwa mtu anayetazama televisheni. Nitakwenda kuiona hiyo kazi mwenyewe." Leo ndiyo siku aliyokuja.

Nikapanga kumwonyesha harusi ya mwanawe wa mwisho, niliyoirekodi mwenyewe. Mzee humo kacheza, kala, katoa nasaha ndefu. Nikajua akijiona tu, nimeoa.

Asubuhi nawasha kompyuta, skrini inatoa mistari ya rangi, kisha giza. Kuifungua, feni ya kadi ya grafiksi (ile inayoleta picha) imekufa. Kadi yenyewe ya moto, huigusi. Feni nyingine mpaka iagizwe Dodoma, ije na basi kesho, kama basi halijalala njiani. Na Mzee yuko barabarani anakuja.

Nikakumbuka nina feni ya prosesa niliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa. Kubwa, na chuma chake cha kupoozea. Fundi hashindwi (hayo ni maneno yangu, msinikumbushe). Nikaiweka juu ya kadi. Matundu ya skrubu hayalingani hata moja. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ikashika, lakini inacheza, inataka kitu cha kuibana kwenye kona. Gundi sina.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Sada, muuza asali. Nikapiga hodi.

"Mama, naomba kipande cha nta."

"Ya nini?"

"Ya kompyuta."

Akanitazama weee, kisha akanipa bonge. "Sijaichuja vizuri hiyo, bado ina asali." Nikamwambia haina neno.

Nikailainisha kwa moto wa kiberiti, nikaibandika kona zote. Ilipoganda, feni ikatulia tuli. Sasa kwa kuwa ni ndefu, mfuniko wa sipiyu (boksi la kompyuta) ukakataa kufunga. Nikaliacha boksi wazi, nikalilaza ubavu mezani, karibu na dirisha lipate hewa. Nikawasha. Picha safi! Nikajipongeza kwa soda baridi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mimi ni mjukuu wa mfugaji nyuki wa Rungwa. Likizo zote za utoto nilikuwa namfuata babu porini kutundika mizinga. Ukitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mtupu, unafanyaje? Unapaka nta ndani, unaipasha moto inukie, unauacha wazi wakauone. Hilo nalijua tangu sijajua kujifuta kamasi. Leo halikunijia kabisa.

Mzee akafika baada ya adhuhuri, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo hii kazi?"

Nikamketisha kwenye kiti kizuri, nikaiwasha harusi. Alipojiona anashuka kwenye gari akasogeza kiti mbele. Moyoni nikasema, mambo yameiva.

Nyuki mmoja akaingia. Nikampunga. Wakaja wengine wawili watatu, nikadhani wamekosea mlango wa Mama Sada. Kumbe kadi imepata moto, nta inayeyuka, na ile feni yangu kubwa inaipuliza harufu yote dirishani. Kidogo nikasikia mvumo, na si wa feni. Nikageuka. Dirisha limekuwa jeusi.

"Kijana," Mzee akasema, macho kwenye skrini, "tulia. Nyuki hana ugomvi na mtu aliyetulia."

"Ndiyo, baba," nikajibu. Hapo hapo mmoja akanichoma sikioni.

Sikutulia. Nikang'oa shela la ukutani, lile ninalolitundika watu wapigie picha, nikajifunika gubigubi, nikatoka nduki. Mkwe nimemwacha ndani. (Ndiyo. Mtu mzima. Mgeni wangu.) Nilikumbuka nilipofika kwa fundi viatu, na hapo nilikumbuka kwa sababu mtu aliuliza, "Huyo bibi harusi anamkimbia nani?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Nikarudi nimejificha nyuma ya Mama Sada, yeye kashika kopo la mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka moshi. Tukamkuta Mzee pale pale. Nyuki wanatembea kwenye kofia, wanatembea kwenye bega, na boksi la kompyuta limejaa hadi halionekani.

"Subirini na moshi wenu," akasema. "Nakaribia kutoa nasaha."

Tukasubiri mlangoni. Akajisikiliza mpaka neno la mwisho. Akainuka taratibu, hajachomwa hata na mmoja, akalitazama boksi, akanitazama mimi na shela langu. "Nimeona," akasema. Akaenda zake stendi.

Nikajua nimemkosa Rehema. Nilikaa kibarazani na sikio limevimba kama andazi.

Jioni Rehema akapiga simu. "Umemfanya nini baba mkubwa?"

Nikamuuliza, "Kwani kasemaje?"

"Kawaambia wazee wote kwamba wewe ni mwoga, hilo hakuficha. Lakini kasema una kazi ya maana, mpaka ndani kwako unafuga nyuki. Posa imekubaliwa."

Machozi yalinitoka, siwafichi.

"Ila kuna jambo moja," akaendelea. "Wamesema asali ya harusi utaleta wewe, na iwe ya mizinga yako mwenyewe."

Naombeni msicheke. Mzinga nilionao ni mmoja tu, na huo unatumia umeme.