Yah: Kuondolewa kwa Swali la "Nzuri Ipi?" Hapa Mkumbara

Mdoe Semboja,
Mashine ya Kusaga na Kukoboa,
Mkumbara, Korogwe.

Mratibu wa Mihadhara ya Wazi,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mratibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, sina tatizo lolote, na shughuli zangu zinakwenda vizuri.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Utakumbuka kwamba mwaka huu, baada ya mavuno, chuo chenu kilituletea mihadhara mitatu katika bwalo la shule ya sekondari: wa kwanza wa utafiti wa tiba, wa pili wa afya ya akili, wa tatu wa sera ya afya. Tulikaribishwa wote, mkulima, mfugaji na mfanyabiashara. Nilihudhuria yote mitatu na nilikaa mbele. Mimi si mtu wa kupinga elimu. Naandika kama mwananchi aliyesikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akarudi nyumbani akakuta madhara.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Utafiti wa tiba. Mtoa mada alitufundisha kwamba dawa haisifiwi mpaka wapatikane waliotumia na wengine wa kufanana nao ambao hawakutumia, ndipo walinganishwe. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba alifundisha watu wenye muda mwingi. Mzee Kisemei amegawa mbuzi wake makundi mawili. Hawa anawapa dawa ya minyoo, wale hawapi. Kundi lisilopewa amelifunga nyuma ya mashine yangu, eti kwa sababu kivuli cha hapo kinalingana na cha kwake. Yule muuza dawa wa mnadani, aliyekuwa akitibu mgongo, presha na mikosi kwa chupa moja, aliulizwa wako wapi wasioinywa. Alifunga mzigo akaelekea Handeni na hajaonekana tena.

Mimi mwenyewe sikupona. Kibao changu kilikuwa kimeandikwa "Unga Bora Kuliko Wote". Grasiana, mama lishe wa hapa stendi na mteja wangu wa siku nyingi, alisimama mbele yake watu wakimsikia, akauliza unga huo umelinganishwa na upi. Nimepaka rangi juu ya maneno matatu. Kibao sasa kinasema "Unga".

Hayo nayavumilia. Nimeyataja ili ujue kwamba sikukurupuka kuandika.

2. Mhadhara wa pili, ambao ndio kiini cha barua hii. Dk. Maryamu alisema mengi ya maana kuhusu moyo mzito, kukosa usingizi, na wanaume wanaobeba neno kifuani mpaka linawaua. Kisha akasema kwamba sisi tumezoea kujibu nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Kwanza "nzuri", halafu ndipo inakuja "ila". Akatushauri kwamba mtu akikujibu nzuri na wewe huioni hiyo nzuri, umuulize tena taratibu: nzuri ipi? Halafu unyamaze umsikilize.

Ndugu Mratibu, hakutuambia kunyamaza huko kunaisha lini.

Zamani mtu wa Mkumbara aliweza kusalimia kijiji kizima bila kupunguza mwendo. Habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, nzuri, za shamba, nzuri, na bado akawahi palizi. Siku hizi watu wamesimama. Siku ya gulio nilimwona mwalimu mkuu na fundi baiskeli wamesimama ukingoni mwa lami tangu wauza nyanya wanapanga mafungu mpaka wanafungasha. Fundi alikuwa akieleza nzuri yake. Lori la mkonge liliwapigia honi, likachoka, likazunguka.

Nalotuesha, mke wa rafiki yangu Loserian, alikuja kwangu kusaga debe moja la mahindi. Grasiana akamuuliza nzuri ipi. Mama wa watu akakaa juu ya debe lake akasema kwamba tangu ng'ombe wao walipokwisha kwa ukame hajamsikia mumewe akicheka, na yeye amechoka kuchekea wawili. Akalia. Wanawake wote wa kwenye foleni nao wakaanza, kila mmoja na yake. Nilizima mashine nikidhani umeingia msiba. Asubuhi ile haikusagwa hata punje. Walipoondoka walikuwa wamechangamka mno, jambo ambalo kibiashara halinisaidii kitu.

3. Loserian mwenyewe. Huyu ni mfugaji aliyehamia kwetu kutoka tambarare za Handeni, na urafiki wetu ulidumu miaka mingi kwa sababu hatukuwa tukiambiana chochote. Alikuwa anakuja mashineni jioni, anaegemea fimbo yake, mimi nafagia pumba, tunatazama magari. Ng'ombe wake walipokufa alikuja jioni ile akaegemea fimbo. Mke wangu Dorkasi alipofariki masika yaliyopita, alikuja akaegemea fimbo. Huo ndio ninaouita urafiki.

Baada ya mhadhara alikuja, hakuegemea. Alikaa chini. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu nzuri, akaniuliza nzuri ipi.

Kuhusu Dorkasi niseme mara moja, kwa kumbukumbu zenu, ili jambo hili lisijitokeze tena. Aliugua, akafariki, tukamzika kwa heshima, nikapokea pole zote nilizostahili kupokea, na matanga yakaanuliwa. Shauri hilo limefungwa. Sioni ni kwa mamlaka gani chuo kikuu kinalifungua upya.

4. Maswali yamekuwa ya zamu. Sina ushahidi kwamba wanapangiana, lakini haiwezekani mchungaji aniulize nikitoka kanisani, Grasiana mchana, Loserian jioni, bila hata siku moja kugongana. Mbaya zaidi ni binti yangu Janeth, anayeishi Tanga na hakuhudhuria mhadhara wowote. Alinipigia simu, shikamoo baba, marahaba, habari za huko, nzuri, halafu akanyamaza, halafu akaniuliza nzuri ipi. Kwa hiyo jambo hili limeshafika mjini na linaambukiza kwa simu. Nilimwambia mtandao unasumbua. Nilimwambia hivyo huku namsikia vizuri kabisa, mpaka pumzi yake.

5. Wameingilia uendeshaji wa mashine. Inadaiwa kwamba naiwasha jioni, mahindi yakiwa yamekwisha na wateja wameondoka. Ni kweli naiwasha. Mashine inahitaji kupashwa moto. Grasiana anasema mashine za watu wengine hupashwa moto asubuhi. Huyo ni mtaalamu wa wali.

Lakini kwa kuwa ninyi ni watu wa sayansi, nitawaeleza. Nyumba iliyozoea mtu anayeimba akipika, akiondoka mtu huyo, inabaki na ukimya ambao si wa kawaida. Nyumba yangu ipo nyuma ya mashine. Mashine ya dizeli inasikika vizuri mpaka jikoni. Hilo ni suala la kiufundi tu na lina ufumbuzi wa kiufundi. Loserian anasema nitamaliza nyundo za mashine kwa kusaga hewa. Hajawahi kumiliki mashine maishani mwake.

Inadaiwa pia kwamba sili. Grasiana huniletea sahani ya chakula na sahani hurudi tupu, mwenyewe ni shahidi. Mbwa wa jirani kunenepa ni suala la jirani.

6. Sera ya afya. Mtoa mada wa tatu alisema sera inataka huduma isogezwe karibu na mwananchi. Tulimpigia makofi, maana tulijua ni maneno ya sera. Hatukujua kwamba safari hii wana nia. Sasa mshauri nasaha anakuja kwenye zahanati yetu kila Alhamisi.

Naomba mtafakari madhara yake. Tangu enzi za wazee wetu, mtu wa huku akielemewa alipelekwa Lutindi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili juu kilimani, na kila mmoja wetu aliweza kujipima kwa kusema, mimi sijafika Lutindi. Umbali ule ulitusaidia sana kuwa wazima. Leo huduma ipo jirani na uwanja wa mpira na mtu hana tena pa kujitetea.

Isitoshe, benchi la kusubiria limewekwa barazani, limetazama barabara kuu. Anayekaa pale anaonwa na kijiji chote, na mabasi ya Tanga, na mabasi ya Moshi. Nalifahamu vizuri benchi hilo kwa sababu nimelikagua kwa niaba ya jamii. Nimelikagua kila Alhamisi tangu lilipowekwa. Nafika, nalitazama, kisha naendelea na safari yangu ya dukani, ambako sinunui kitu.

7. Lililonishinda. Alhamisi iliyopita nilikwenda kukagua kama kawaida nikakuta benchi limejaa. Loserian alikaa mwanzo, na lile shuka lake jekundu linaloonekana kutoka Mombo. Alifuatiwa na Nalotuesha, kisha Grasiana na masufuria yake, kisha mwalimu mkuu, kisha mzee Kisemei na mbuzi mmoja wa kundi lisilopewa dawa. Niliuliza kama kuna mlipuko wa ugonjwa. Loserian akajibu kwamba mwenye miadi ni yeye peke yake, kwa sababu ya ng'ombe, na wenzake wamekuja kukaa naye ili mpita njia asijue mgonjwa ni nani. Alilisema hilo kwa sauti ya kuitia mifugo, kwa hiyo mpita njia alijua.

Kati ya Loserian na Nalotuesha walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyenikaribisha. Walisogea kidogo tu, nafasi ikaongezeka.

Nilirudi nyumbani nikawasha mashine. Iliunguruma mpaka vyombo vikatikisika kabatini, na bado nilikuwa naiona ile nafasi. Ndugu Mratibu, huu ni usumbufu ambao mwenye mashine hapaswi kuupata.

Kutokana na hayo naomba chuo kifanye yafuatayo. Kwanza, mlete mhadhara wa nne wa kusahihisha ule wa pili, utamke rasmi kwamba mtu akijibu nzuri inatosha. Pili, benchi ligeuzwe litazame ukuta. Tatu, Loserian aelekezwe kurudia kuegemea fimbo. Nne, endapo hayo yatashindikana, nipo tayari kuusaidia utafiti kwa njia aliyotufundisha mtoa mada wa kwanza. Waulizeni watu wote wa Mkumbara, na mimi niwekwe katika kundi lisiloulizwa. Baada ya masika tulinganishe. Nitafungwa pamoja na wale mbuzi nyuma ya mashine ikibidi, kivuli kinatosha.

Nisalimie Dk. Maryamu, mwambie alizungumza vizuri isipokuwa pale tu. Wasalimie watoa mada wengine wawili, wanafunzi wao, na dereva wenu aliyekwama kwenye tope la shuleni tukamsukuma. Huku wote wanawasalimu, na kwa jinsi salamu zao zilivyo siku hizi, siwezi kuziandika zote hapa.

Wako anayewatakia kazi njema na maswali machache,

Mdoe Semboja

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji
Mganga Mfawidhi, Zahanati
Loserian (kwa mkono)

Tanbihi: Nakala ya Loserian nilimpa jana jioni. Hakuondoka nayo. Alikaa juu ya gunia akaanza kuisoma hapohapo, kwa sauti, na hakuvuka mistari ya mwanzo. Pale nilipoandika kwamba mimi ni mzima wa afya na sina tatizo lolote, aliweka kidole, akaniuliza lile swali lenu. Mashine ilikuwa imezimwa. Akanyamaza kama mlivyomfundisha, na mimi nikalia kama mtoto mbele ya mtu ambaye sikuwahi hata kumwambia kwamba nampenda.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, naomba ule mstari ukatwe. Si kweli. Namkumbuka Dorkasi na sijui la kufanya na jioni zangu.

Ombi la benchi nalo liahirishwe. Leo ni Alhamisi na haya nayaandikia magotini, nikiwa nimebanwa kati ya Loserian na Nalotuesha, na mbuzi ananitafunia pembe ya karatasi, kama utakavyoiona. Sasa hivi limepita basi la Moshi. Konda wake, kijana ninayemfahamu, amechungulia mlangoni akaniita, mzee Mdoe, habari? Nimemjibu kwamba si nzuri.

Basi limesimama.