Jinsi Nilivyomwekea Sumu Mfalme Belarmino

Jumatatu, 6 Novemba

Mwalimu Graciela kagawa nafasi za mchezo leo. Tamthilia ya kale, watu wanaongea mashairi hata wakiomba kiti. Mfalme anapewa sumu na mtumishi wake, anatoa hotuba ndefu kama reli, kisha anakufa kichwa kikiwa mapajani mwa malkia. Malkia ni Doña Olinda, mjane wa mwoka mikate. Nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Ufalme kapewa Don Belarmino. Eti ana sauti. Mchinja ng'ombe mstaafu, sauti kaipata kwa kubishana na ng'ombe. Mimi ni mtumishi. Mstari wangu ni mmoja: "Kunywa, bwana wangu." Belarmino kaniuliza kama nitaukumbuka au aniandikie kiganjani. Darasa zima la watu wazima likacheka, vibogoyo na wenye meno. Olinda naye kacheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumamosi kuna dansi kwenye kilabu cha wastaafu, na Olinda hajasema ataingia na nani. Mwanamke akishakulaza mapajani mbele ya watu, atakuacha mlangoni aingie na nani mwingine?

Jumanne, 7 Novemba

Mazoezi. Belarmino anakufa polepole kama mshumaa wa kanisani. Akishakufa anaomba arudie, eti kichwa hakikukaa vizuri. Mimi nimeshika sinia kama nguzo ya simu. Nikamwambia mwalimu mfalme huyu ana roho saba, apewe sumu ya panya. Akajibu kwamba mtumishi hana maoni.

Sawa. Mtumishi ana akili. Mtu aliyeungua ulimi hawezi kuhutubu. Atakapobaki anapepea mdomo, mimi namvua taji lake, navaa, natoa hotuba, nalala mapajani. Nimeanza kuikariri. Imenigomea kwenye ubeti wa pili, lakini machozi yatajaza pengo.

Jumatano, 8 Novemba

Kikombe cha mfalme kimevunjika. Kilikuwa karibu na kiwiko changu, sikatai.

Nikajitolea kibuyu changu cha kunywea yerba, chai yetu chungu ya majani. Mwalimu akagoma, wafalme wa kale hawakunyonya yerba kwa mrija. Olinda akasema mfalme gani wa hapa Tacuarembó angekubali kufa bila yerba? Likapita. Mwanamke wa maana sana.

Uzuri wa kibuyu ni kwamba mtu hapulizi. Kikombe kinafuka mvuke, anashtuka. Mrija unapeleka moto kooni bila kubisha hodi. Na darasani mwenye kumimina ni mimi tangu shule ifunguliwe. Nakunywa cha kwanza, najaza tena, kinazunguka, hakuna aliyewahi kulalamika. Wanauamini mkono huu.

Kesho birika litachemka mpaka liimbe. Kuchemsha maji ya yerba ni dhambi, marehemu mama angenichapa hadharani. Nisamehe mama, ni mapenzi.

Alhamisi, 9 Novemba

Siku yenyewe. Walikuja wa darasa la jirani na mkuu wa shule. Belarmino kakaa kwenye kiti cha enzi, kavaa pazia la bintiye. Nikaingia na sinia. "Kunywa, bwana wangu," nikasema, kwa sauti iliyomfanya mkuu wa shule aweke simu mfukoni. Nikamimina maji. Macho yote kwangu. Olinda akanitabasamia.

Na mkono wangu, mkono huu punguani, ukainua kibuyu ukaleta mrija mdomoni mwangu. Cha kwanza ni cha mwenye kumimina. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni hapewi cha kwanza chenye uchungu na vumbi. Nikavuta kwa mapafu yote.

Ukelele nilioutoa sitauandika. Belarmino akasema pale pale kitini: we mzee, sumu yangu hiyo, mbona unanitangulia? Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu akaninong'oneza kutoka pembeni: umekunywa sumu, Don Wenceslao, basi kufa. Nikafa sakafuni.

Olinda akaokota kibuyu, akatia maji baridi ya glasi ya mwalimu, akampa mfalme. Belarmino akanyonya mpaka mrija ukakoroma. Akatoa hotuba yote, hakuruka neno. Akiwa njiani kwenda mapajani akanikanyaga kidole. Maiti hailalamiki.

Jumamosi, 11 Novemba

Olinda kaingia kilabuni na Belarmino. Alivaa gauni la bluu. Mimi nilikaa karibu na barafu.

Baadaye akaja mezani kwangu na bakuli la aiskrimu. Akasema kati ya vifo vyote viwili, changu ndicho alichokiamini. Nilikuwa na jibu zuri sana. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo kama soksi, nikatikisa kichwa tu. Akanipapasa bega, akarudi kucheza.

Kanipapasa bega, lakini.

Jumapili, 12 Novemba

Ulimi unapungua. Habari njema: mwalimu anataka turudie mchezo Desemba, mbele ya familia, siku ya kufunga shule. Jioni yake, dansi.

Nimetafakari asubuhi nzima na kosa nimeliona. Lilikuwa maji. Moto ni silaha ya mtu asiye na subira. Safari hii maji yatakuwa ya vuguvugu, kama mama alivyofundisha, na chini ya majani nitaficha pilipili ya kusaga. Ikipungua, ataimeza na kuhutubu. Ikizidi, ataisikia harufu.

Kwa hiyo cha kwanza nitakunywa mwenyewe, nihakikishe imekolea.