Siku ya Kumpumzisha Bibi

Wapendwa, mwenzenu leo nimepatikana. Nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana hapa Mjimwema habari haina haja ya bodaboda.

Nina kuku. Yaani nilikuwa naye. Tetea mwekundu, mzee, anachechemea mguu mmoja. Watoto wangu walimwita Bibi kwa sababu ya ule mwendo. Kuku wengine walikuja wakaliwa, yeye akabaki. Alishaacha kutaga, lakini asubuhi nikikaa na mashine yangu ya kufuma masweta, alikuwa anakuja kulala juu ya miguu yangu. Mnaoijua baridi ya Njombe mtanielewa. Yule hakuwa mboga. Alikuwa soksi.

Sasa wiki iliyopita mama mkwe wangu alikuja kutoka Mdandu kupima kifua, maana anakohoa. Naye ndiye bibi wa watoto wangu, bibi wa kweli. Kwa hiyo nikapiga marufuku jina la kuku ndani ya nyumba. Watoto wakawa wanasema "yule wa nje." Tukaishi kwa amani.

Yule wa nje akaugua. Tumbo likajaa maji, akawa hasimami, anahema mdomo wazi kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Jana daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, akaja kumpapasa. Akatikisa kichwa.

"Huyu haponi, mama. Ukimwacha atateseka tu. Mpumzisheni."

Akanielekeza namna. Mpakate. Mfunike macho kwa nguo mpaka atulie. Halafu mvunje shingo mara moja, bila kusitasita. Tusimle, kwa sababu ya ugonjwa na dawa alizomeza. Tumfukie chini.

Mume wangu akasema hiyo kazi ni yake. (Mimi hata samaki namnunua akiwa amekatwa kichwa, nisimwone usoni.) Lakini alfajiri akapigiwa simu kwamba lori lao la mbao limeharibikia Makambako. Akaondoka. Watoto wakaenda shule. Mama mkwe alikuwa bado amelala. Nikabaki mimi, kuku, na ukungu.

Ukungu wa leo sijui niuelezeje. Mti wa parachichi ulikuwa umeondoka. Ua wa mabanzi ulikuwa umeondoka. Jogoo wa mbali akiwika, sauti ilinifikia imelainika, kama imepitishwa kwenye pamba. Nilikuwa sijalala vizuri, na nilipotoka na jembe nilijiona kama naota ndoto ya mtu mwingine. Nikachimba shimo polepole mahali nilipokumbuka kwamba mti huwa unakaa. Udongo ulikuwa baridi na unanukia vizuri. Nikasema moyoni, ukilala hapa hutaonewa.

Kisha nikamtazama Bibi kwenye kikapu chake, anahema, jicho moja limenielekea. Jembe nikaliweka chini. Nikaona nimpigie mume wangu.

Simu kwangu inashika mtandao kona moja tu, pale kwenye ua unaonitenganisha na Mama Tumaini. Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Ana moyo mwema, na masikio mema zaidi. Upande wa mume wangu malori yalikuwa yananguruma, kwa hiyo nikawa napaza sauti.

"Nasema Bibi hali, hanywi, anahema tu."

Malori.

"Siwezi kusubiri mpaka jioni. Anateseka. Nimeshachimba shimo."

Malori.

"Hapana, ameshazeeka huyu, hata dawa hazimsaidii. Nitamnyonga mwenyewe."

Nikakata simu nikiwa nimepata ujasiri kidogo. Jina la marufuku lilikuwa limenitoka mara moja tu. Mara moja ilitosha.

Nikaketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, nikampakata, nikamfunika na khanga. Alikuwa wa moto kama kikombe cha uji. Nikaanza kumbembeleza. Nikamshukuru kwa miguu yangu. Nikafumba macho, nikawa namwimbia wimbo wowote, hata maneno sikuyajua. Kuhema kwake kukapungua kidogo. Ukungu ukanizunguka, umande ukanidondokea shingoni kutoka kwenye majani, na kwa muda mrefu sikujua tena mimi nilikuwa wapi na kuku alikuwa wapi.

Ndipo nikasikia kuimba.

Sauti za wanawake, nyingi, laini, zinatoka ndani ya ukungu. Wimbo wa kusindikiza marehemu. Jamani, nisiwadanganye. Niliamini. Nikajiambia, kumbe kuku nao hupokelewa. Machozi yakanitoka. Nilitaka hata kumfunua aone.

Nikafumbua macho. Kwanza nikaona khanga, kisha vichwa, kisha jumuiya nzima ya Mama Tumaini inajitokeza mmoja mmoja ndani ya ule weupe, wamejitanda, wamebeba kuni na sufuria kubwa ya msibani. Nyuma yao balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa watu, na koleo begani.

Mama Tumaini akaja akanikumbatia pamoja na kuku wangu.

"Pole sana, mwenzangu. Amekwenda saa ngapi?"

Nami bado niko ndotoni. Nikamjibu kwa upole, "Bado. Nilikuwa nasubiri atulie ndiyo nimmalize."

Kuimba kukafa. Wa mbele wakarudi nyuma, wakawakanyaga wa nyuma.

"Nilisikia," Mama Tumaini akasema. "Nilikusikia kwenye ua nikasema labda ni uchungu unaongea. Nikampigia mumeo. Unajua alichonijibu? Nimemwambia pole, Bibi ametutoka. Akasema afadhali, amepumzika. Akasema mfukieni tu, msinisubiri."

Akajivuta hatua moja nyuma.

"Na akasema msimle."

Balozi akaliangalia shimo langu. Akaniangalia mimi. "Na hili shimo lenyewe, mama," akasema taratibu, "mlitaka kumkunja?"

Hapo ndipo nilipoanza kuamka. Nikafungua mdomo nieleze, lakini mlango wa nyumba ukalia, na mama mkwe wangu akatoka, amejifunga blanketi, anatembea ndani ya ukungu bila haraka.

"Kamwene," akatusalimu kwa Kibena. "Kuna ibada?"

Sufuria ilianguka. Mama mmoja mnene aliyekuwa pembeni aligeuka akapita katikati ya kabichi zangu, na mpaka sasa hivi sijaambiwa aliishia wapi.

"Mama," nikasema, "ni kuku." Nikafunua khanga. "Anaitwa Bibi. Ni watoto waliompa hilo jina. Anaumwa, daktari amesema apumzishwe."

Mama mkwe akatutazama wote kwa zamu. Kisha akamgeukia Mama Tumaini. "Mwanangu amesema nini kuhusu mimi?"

"Kuhusu kuku, mama," nikadakia.

"Nimemuuliza yeye."

Mama Tumaini, mtu mkweli, akarudia yote. Afadhali amepumzika. Mfukieni tu. Msimle. Akaongeza na yangu ya kwamba ameshazeeka, dawa hazimsaidii. Nikatamani lile shimo, pamoja na ufupi wake.

"Na kwa nini Bibi?" mama mkwe akaniuliza.

Nikawaza kudanganya. "Ni mwendo, mama," nikasema. "Anachechemea. Na ndiye mkubwa wa wote."

Akainama, akakohoa kidogo, akaweka kidole juu ya kilemba cha kuku wangu. Bibi alikuwa ameanza kuhema tena, kwa shida kuliko mwanzo, na shingo inamlegea.

"Anateseka huyu," akasema. "Na ninyi mmesimama mnanijadili mimi. Haya, imbeni. Si mmekuja kuimba?"

Jumuiya ikatazamana.

"Imbeni," akarudia. "Na wewe, mfunike macho. Nipo hapa."

Wakaanza, chini chini, kwa aibu. Mama mkwe akasimama nyuma yangu, akaniwekea blanketi lake mabegani, na mikono yake juu yake. Sikusitasita. Nilifanya kama nilivyoelekezwa, mara moja. Mabawa yalipiga ndani ya khanga kwa muda mfupi, kisha yakaacha, na kule kuhema kulikokuwa masikioni mwangu siku zote hizi hakukuwepo tena. Nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Nikalia. Nililia kweli, mbele ya watu waliokuja kwa msiba wa mtu. Mama Tumaini naye akalia, sijui kwa kuku au kwa nafuu. Balozi akavua kofia, akasema shimo halifai, mbwa watalifukua, akaliongeza kina kwa koleo lake. Tukamlaza akiwa ndani ya khanga yangu. Mtu mmoja nyuma akasema "raha ya milele" halafu akajizuia.

Kwa kuwa kuni zilikuwepo na sufuria ilikuwepo, wakabandika chai. Mama mkwe alikaa katikati, akinywa kikombe cha pili, anawasimulia kuhusu kifua chake, na kila mtu alimsikiliza kwa heshima ambayo hajawahi kuipata hapa mtaani. Ukungu ulipopanda, mparachichi ukarudi, na ua, na kabichi zilizolala chini kwa mstari mnene.

Mume wangu amepiga simu mchana kuuliza kama tumeshamfukia. Simu ilikuwa bado kwenye ile kona ya ua, na aliyeipokea ni mama yake.

Sasa niko kwenye mashine yangu, miguu baridi, nawaandikia. Ombi langu ni moja tu. Mkikutana nami sokoni, nipeni pole kama mnavyompa mtu yeyote, na asitokee mtu wa kuniuliza marehemu alikuwa anataga mangapi.