Saratani kwa Mfano wa Mikorosho

4 Agosti 2025, Jumatatu. Nachingwea.
Hatimaye akili yangu imeonekana. Daktari Nicholaus kanichagua mimi, Kaimu, mhamasishaji wa hospitali, niwaeleze watu majaribio ya tiba ya saratani. Leo wafanyakazi, kesho wagonjwa, keshokutwa vijiji. Nikifanya vizuri, nitakuwa mratibu. Ila Nesi Koleta naye anautaka uratibu. Njia yake ni kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Kama kusikiliza kungekuwa kazi, hata benchi la wagonjwa lingepandishwa cheo.
Wafanyakazi nimewapa saa nzima ya maneno makubwa. Mpishi kasinzia. Daktari wa meno pia. Nimechukulia kuwa ni utulivu.

5 Agosti, Jumanne.
Wagonjwa nao wametulia sana. Kisha kaja mama mdogo Sikuzani kutoka Nambilanje. Ana saratani ya titi. Daktari kamwambia kuna utafiti Dar es Salaam, dawa mpya inalinganishwa na ya kawaida, na huenda anafaa kuingia. Halazimishwi. Akitaka, ajibu Alhamisi, baada ya hapo nafasi zinafungwa.
Mama mdogo ndiye aliyenilea. Nimeogopa, nasema kweli. Kaniuliza utafiti ni kitu gani hasa. Nimemwambia asubiri kesho, nitaeleza kijijini kwake mbele ya watu wote. Atajivunia.

6 Agosti, Jumatano. Nambilanje.
Maneno makubwa nimeyaacha mjini. Nimekuja na mfano. Mikorosho! Nani hapa hana mikorosho? Nikawaambia utafiti wa saratani ni kama wa bwana shamba: analeta dawa mpya, nusu ya shamba anapuliza, nusu anaiacha vilevile, halafu anatazama. Wakatazamana. Nikajua nimewagusa.
Nimewagusa kweli. Kumbe bwana shamba wa namna hiyo alishafika hapahapa, shambani kwa Shaibu, jirani wa mama mdogo. Nusu iliyopulizwa, maua yakaungua. Nusu iliyoachwa ikaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Shaibu akasimama, akauliza kwa adabu kabisa, Sikuzani atawekwa nusu ipi. Nikajibu hiyo huamuliwa kwa bahati nasibu.
Mama mdogo akajifunga khanga vizuri, akasema yeye si mkorosho. Haendi.

7 Agosti, Alhamisi.
Sikulala. Leo ndiyo mwisho. Nimempigia mama mdogo, simu kapokea Shaibu. Kasema Sikuzani hataki kuzungumza na bwana shamba. Nikaanza kupanga namna ya kusema mfano ule nilifundishwa na Koleta. Kabla sijamaliza kupanga, Koleta keshapanda bodaboda kwenda Nambilanje.
Kamweleza mama mdogo kwamba hakuna anayeachwa bila dawa: asiyepata mpya anapata ile ya kawaida, ambayo angepewa hata hivyo. Kwamba dawa mpya inaweza kusaidia au isisaidie, ina madhara yake, na watamwangalia kwa karibu. Kwamba anaweza kujitoa siku yoyote na bado akatibiwa. Kisha akasikiliza maswali mpaka alasiri. Jioni mama mdogo kamjibu daktari kwamba atakwenda.
Nimelia nyuma ya maabara. Waliouliza nimewaambia ni vumbi.

10 Agosti, Jumapili.
Tumemsindikiza mama mdogo stendi. Alimtaka Koleta tu, mimi nimekwenda kwa kuwa ni ndugu. Kanishika mkono, kaniomba sana kwamba yeye akiwa huko nisimweleze mtu yeyote jambo lolote. Maskini, mawazo ya safari hayo.
Daktari Nicholaus kasema mratibu ni Koleta. Hakuna aliyekumbuka nani aliwatisha watu wakapata hamu ya kueleweshwa. Bila mimi, Koleta angekwenda Nambilanje kueleza nini?
Hata hivyo kosa langu nimeligundua. Mfano ulikuwa wa maneno matupu, watu hawakuona kwa macho. Kesho naingia kijiji cha Chinongwe, na nimeazima mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Watakaokaa kulia nitawapuliza. Wa kushoto nitawaacha vilevile.