Vita vya Soli ya Mguu wa Kulia

Sogeeni, mliokaa na mliosimama, ninyi wa foleni na ninyi mnaojifanya mnapita tu. Zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nasimulia vita vya soli ya mguu wa kulia, vilivyoanza mchana kweupe ndani ya kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu. Sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nimeshika kiatu.

Kiatu kilikuwa cha shangazi yangu, malkia wa cherehani ya kukanyaga, mwanamke aliyeivalisha nusu ya mtaa na kuikemea nusu iliyobaki. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimeasi. Akikanyaga pedali kikapinda, maumivu yanapanda mpaka kwenye meno. Daktari wa miguu akaandika karatasi ya kumpa fundi viatu, na karatasi ile, jamani, maneno yake mazito yalikuwa ya Kiingereza: soli iwe "stiff", isiwe "rigid", na chini ya kisigino pawe "firm".

Basi nikaipeleka kwa Fundi Msharasi, bwana wa gundi, mtisha ngozi, mwenye vidole vilivyochomwa mara elfu na havijalia hata mara moja. Akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Inasemaje?"

Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi. Lakini shujaa ameuliza, utamjibu nini?

"Ngumu," nikasema. "Halafu ngumu. Na kisigino nacho kigumu."

"Hapa pameandikwa isiwe. Isiwe nini?"

"Isiwe ngumu."

"Yaani iwe ngumu, isiwe ngumu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, fundi."

"Huyo daktari alikuwa na njaa," akahukumu shujaa. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kazi nusunusu, akachukua panga kuukuu, akalikata bapa lake kwa umbo la mguu, akalipachika ndani ya kiatu, akakipiga nyundo mpaka kibanda kikatetemeka. "Hiki," akasema, "hakipindi mpaka kiama."

Kweli hakikupinda. Shangazi alikanyaga pedali kama anayekanyaga kwa gogo. Mguu haukujua pedali iko juu au iko chini, cherehani ikatoka mbio kama punda aliyeng'atwa, na kabla hajaishika, suruali ya mteja ilikuwa imeshonewa kwenye gauni alilovaa yeye mwenyewe. Alipoinuka kumpokea mteja, suruali nayo iliinuka kumpokea mwenyewe.

Hakulia shangazi. Hilo ndilo lililonitisha. Aliifumua suruali kimya kimya, akaifunika cherehani kwa shuka, akamwita mtu wa mkokoteni.

"Ipeleke kwa mdogo wangu," akamwambia. "Yeye miguu yake bado inasikia."

Nikakimbia. Enyi mnaosikia, nilikimbia na kiatu mkononi, nikapita duka la fotokopi, nikaazima kamusi nene kuliko tofali, nikaingia nayo kwa Fundi Msharasi, nikamweleza msiba wote. Tukaifungua kamusi kama wafungua lango la ngome. "Stiff": gumu. "Rigid": gumu. "Firm": gumu. Kamusi ilikuwa na neno moja na haikuwa tayari kuliachia.

"Hata kitabu kimekakamaa," nikasema.

Shujaa akaifunga kamusi. Kisha akavua aproni, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona kabla ya jua kuzama, akabeba mfuko wake wa zana, akasema, "Twende kwenye uwanja wenyewe."

Tulimkuta mtu wa mkokoteni ameshika mguu mmoja wa cherehani, shangazi ameshika mwingine, mlango umewakataa wote wawili.

"Iteremsheni!" akanguruma Fundi Msharasi.

"Wewe tena?" shangazi akamgeukia. "Muuaji wa panga! Sikiliza, fundi. Miaka ishirini na miwili mguu huu umesukuma pedali hii. Umenisomeshea watoto, umenizikia mume, haujawahi kuomba likizo. Leo umeuvika chuma kama mlango wa jela!"

"Dada, nimekosa. Acha kiatu, kanyaga pekupeku, niangalie."

"Uangalie nini? Nitaumia."

"Mara tatu tu. Kisha nitukane mpaka uchoke."

"Sichoki mimi," akasema shangazi, lakini alikaa.

Na hapo mpasua ngozi, ambaye hajawahi kumpigia mtu magoti, akapiga magoti mbele ya pedali, shavu likigusa sakafu. Akauona mguu unavyosafiri: kisigino kinatua, unyayo unabingirika, kidole kinafuata kidogo tu, na palepale ndipo shangazi anapokunja uso. Mara tatu. Akainuka na vumbi shavuni.

"Karatasi ilikuwa na akili," akatangaza. "Sisi ndio tulikuwa hatuna. Tazameni!" Akakitwaa kiatu mkononi mwangu, akachomoa lile bapa la panga. "Huyu haongei na mtu. Ukimlazimisha, utavunjika wewe. Huyu ndiye aliyekatazwa." Akazungusha macho chumbani, akaona ndoo ya plastiki iliyopasuka, akaikata ubavu, akaukunja kwa viganja viwili. Ukagoma. Akakaza mkono, ukakubali kidogo, kwa shingo upande. Akauachia, ukarudi ulivyokuwa. "Huyu anabisha, lakini anasikia. Huyu ndiye!"

"Na cha kisigino?" nikauliza, mwenye karatasi nikiwa mimi.

Akatoa kipande cha raba ya tairi, akakibonyeza kwa dole gumba. "Kinakupokea, lakini hakikumezi."

"Na mtu kama mama huyu?" akauliza mtu wa mkokoteni. "Daktari angemwandika vipi?"

"Karatasi isingetosha," akasema fundi.

"Nawasikia," shangazi akasema.

Fundi akachonga, akapaka gundi, akapuliza, tukangoja, mtu wa mkokoteni akilalamika kuwa ana safari nyingine. Hatimaye kiatu kikavaliwa. Shangazi akatazama huku na huku akitafuta kitambaa, akamwona mtu wa mkokoteni, mfuko wa shati lake unaning'inia kwa nyuzi mbili.

"Vua."

"Mama, mimi nimekuja kubeba..."

"Vua nimesema!"

Akavua. Mguu ukashuka. Pedali ikaitika. Kidole gumba, mwasi yule, kilikaa mahali pake kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Sindano ikatembea, tratratra, mwendo wa mtu anayejua kwake, ikakunja kona, ikarudi. Shangazi hakukunja uso. Alikata uzi kwa meno, akalitupa shati, akasema, "Anayefuata."

Basi iandikwe, na asiyejua kuandika akariri: siku hiyo mfuko mmoja ulishonwa pande zake tatu, mshono umenyooka, kwa nguvu ya ndoo mbovu na tairi lililochoka, na Fundi Msharasi akarudi kibandani kwake na vumbi shavuni, akakataa kulifuta mpaka jioni. Mtu wa mkokoteni naye alishuka mtaa mzima akisukuma mkokoteni mtupu kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameutia mfukoni.